Chemchemi ya mjini: usimame mbele, ukae pembeni, au uingie karibu?

Wanaoanza kupiga picha hapa Kisumu huniuliza wanunue kamera gani. Wakishaizunguka chemchemi ya mjini mara mbili, simu mkononi, swali hubadilika lenyewe: nisimame wapi? Ninaposema chemchemi nakusudia ile ya saruji na pampu, beseni la duara na mrija unaorusha maji, iliyo bustanini au mbele ya jengo. Si ile ya mlimani ambako watu huchota. Ni kitu kigumu kupigwa picha kuliko kinavyoonekana. Maji hayatulii, hayana rangi yao wenyewe, yanameta mahali usipotaka, na nyuma yao mji unapita bila kukoma.

Kwa miaka minne nimekuwa nikiirudia chemchemi moja katikati ya mji huu, kiangazi na masika. Beseni lake lina upana wa hatua tisa, na mrija wa katikati unarusha maji mita 2 hivi. Kusini kuna jengo la rangi ya krimu lenye mlango wa kijani. Kaskazini ni barabara na stendi ya bodaboda. Mashariki umesimama mwarobaini mkubwa wenye kivuli kizito, na magharibi, mbele zaidi, liko ziwa. Ninakueleza yote haya kwa sababu kila chemchemi ina pande zake nne, na ukizijua umeshamaliza nusu ya kazi.

Picha zangu nzuri za pale zimetoka sehemu tatu: mbele kabisa katikati, pembeni kwa mbali kidogo, na karibu hadi maji yakanirukia. Hakuna moja inayozishinda nyingine kila siku. Chaguo linategemea kazi unayowapa maji ndani ya picha: yatawale, yawe jirani wa vitu vingine, au yabaki peke yao.

Vigezo

Nitazipima sehemu zote tatu kwa mambo matano: njia ya jicho, yaani mtazamaji anaingilia wapi kwenye picha na anatua wapi, mwanga na saa, maji na kasi ya shata (muda ambao kamera huacha mwanga uingie), kilicho nyuma pamoja na watu, na vifaa. Mwanga na maji yanahitaji maelezo kidogo kabla hatujaanza.

Mafunzo mengi ya picha yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao jua lao hupanda kwa mshazari. Wao husifu "saa ya dhahabu". Sisi tuko ikweta. Ukitoka Kisumu kwenda Busia unauvuka mstari wenyewe pale Maseno. Jua letu hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo ule mwanga mlaini wa jua lililo chini ya nyuzi 6 hudumu dakika 25 hivi baada ya macheo na dakika 25 nyingine kabla ya machweo. Jua likishazama, giza linafunga baada ya dakika 20 na kitu. Ukicheleweshwa na matatu, umeukosa hadi kesho. Panga kufika saa kumi na mbili na robo asubuhi, au saa kumi na moja na nusu jioni, ukiwa umeshajua utasimama wapi.

Kuna la pili ambalo wengi hawalitambui. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa kusini. Machi na Septemba linapita utosini. Ukuta uliomulikwa vizuri saa sita mchana wa Juni unakuwa kivulini Desemba saa hiyohiyo. Picha uliyoikosa mwezi mmoja huenda ikakungoja mwezi mwingine papo hapo, bila wewe kuhama hatua.

Kuhusu maji, tone lililoanguka kutoka mita 2 hufika chini kwa kasi ya mita 6 na kitu kwa sekunde. Shata ya 1/1000 ya sekunde inalikuta limesogea milimita 6 tu, nawe unaliona kama shanga. Shata ya 1/60 inalikuta limesogea sentimita 10, likawa mstari. Ukifika nusu sekunde, matone yote yanaungana kuwa ukungu mweupe kama hariri. Kileleni, pale maji yanapogeuka kuanza kushuka, karibu yanasimama kabisa, kwa hiyo hata 1/250 inaweza kuyagandisha hapo huku ya chini yakiwa mistari. Mchanganyiko huo naupenda kuliko yote, maana unamwonyesha mtazamaji jinsi maji yalivyopanda, yakachoka, yakarudi.

Mbele, katikati

*Njia ya jicho.* Hapa jicho halina safari ndefu. Linaingia, linakutana na mrija katikati, linatulia. Nguvu ya picha inatokana na kushoto na kulia kufanana, na mfanano huo hausamehe. Ukikosea kwa upana wa kiganja, mtazamaji anahisi kitu kimepinda hata kama hawezi kukitaja. Mimi hupanga hivi: nautafuta mstari wa katikati wa mlango wa kijani, naulinganisha na mrija, kisha nasogea kushoto na kulia kidogo kidogo mpaka viwili hivyo viwe kimoja. Halafu nakagua ukingo wa beseni. Duara likitazamwa kwa mshazari huwa kama yai lililolala, na ncha zake mbili lazima ziwe kimo kimoja kwenye fremu. Zikipishana, kamera imeinama.

Si kila chemchemi inastahili kusimamiwa hivi. Trevi ya Roma, iliyokamilika 1762, ina upana wa mita 49 na imeegemea ukuta wa jumba. Ilijengwa itazamwe usoni, kama jukwaa. Ile ya Mito Minne ya mchongaji Bernini, iliyokamilika 1651 kwenye uwanja wa Navona mjini humohumo, inataka kuzungukwa, na ukiipiga kutoka upande mmoja umeacha nyingine nyuma. Ya kwetu hapa, kwa sababu ya lile jengo na ule mlango, inakubali zote mbili. Izunguke ya kwako kwanza. Kama hakuna ukuta, ngazi wala njia iliyonyooka inayoelekea kwenye mrija, kusimama katikati kutakupa picha ya kitambulisho.

*Mwanga na saa.* Nikitazama kusini, Juni ni mwezi wangu: jua la mchana liko mgongoni na jengo linang'aa. Desemba nafika asubuhi na mapema au nangoja taa za jioni. Zile dakika 20 baada ya jua kuzama, anga ikiwa buluu nzito na taa za beseni zimewashwa, ndizo bora kwa picha hii. Mwanga wa taa na wa anga huwa karibu sawa, na hakuna kinachoungua (kuwa cheupe tupu) wala kinachozama gizani.

*Maji.* Shata ndefu inafaa zaidi. Jengo limesimama, maji yanatiririka kama kitambaa, na utulivu wa mpangilio unapata mwenzake. Mchana wa jua kali, hata ukifunga lenzi hadi f/16 (tundu dogo la mwanga) kwa ISO 100 (kamera ikihisi mwanga kidogo tu), utapata kama 1/100 tu. Ukitaka nusu sekunde unahitaji filta ya kupunguza mwanga mara 64. Jioni huhitaji filta yoyote.

*Nyuma na watu.* Hapa ndipo picha hii inapoharibika. Niliwahi kumchapishia mteja picha kubwa ya ukutani, mrija uko katikati sawasawa. Alipoitundika ofisini akauliza kile kitu kinachotoka juu ya maji ni nini. Ulikuwa mlingoti wa bendera, mwembamba, umejipanga na mrija kana kwamba ni mmoja. Nilikuwa nimeyatazama maji dakika arobaini, na nyuma yake sikutazama hata moja. Nikairudia kazi yote. Tangu siku hiyo nasoma nyuma kwanza, kutoka juu hadi chini, ndipo naangalia maji. Watu nao hapa ni wachache: mmoja aliyekaa katikati, au wawili waliogawana pande sawa. Mpita njia mmoja upande wa kushoto anaivuta picha yote kwake.

*Vifaa.* Tripodi, stendi ya miguu mitatu, ni lazima kwa shata ndefu. Simu inatosha mchana. Washa gridi, ile mistari ya kupangia kwenye kioo, na usitumie lenzi pana sana, maana itavimbisha ukingo wa mbele na kulisukuma jengo mbali.

Inamfaa anayepigia taasisi, kalenda, kadi au ukuta wa ofisi, na maharusi wanaotaka picha moja rasmi. Inamfaa pia mtu mwenye subira ya kusogea sentimita mbili mara ishirini.

Pembeni, chemchemi ikiwa ndani ya maisha ya mji

*Njia ya jicho.* Sasa mrija unahamia theluthi ya kushoto au ya kulia, na sehemu iliyobaki wanapewa watu, benchi, barabara, mti. Jicho linatembea. Ubora wa picha unategemea kama umelipa njia ya kupita, na njia hiyo mara nyingi ni ukingo wa beseni wenyewe: unaanzia kona ya chini, unapinda, unampeleka mtazamaji hadi kwa mtu aliyeketi.

Ijumaa moja nilikuwa nimechuchumaa kona ya kusini-magharibi. Mama muuza njugu akaja akaweka beseni lake la plastiki, la buluu, juu ya ukingo wa saruji. Akafunua kitambaa, akachukua kipande cha gazeti, akakizungusha kwenye vidole mpaka kikawa kifuko chenye ncha, akapima njugu kwa kikombe kidogo, akakunja mdomo wa karatasi. Akaanza kingine. Mikono yake haikusimama. Nilichokiona kwenye kioo cha kamera ni duara mbili, la buluu dogo mbele na la kijivu kubwa nyuma, na mrija wa maji ukipanda kati yao.

"Mama, naomba nikupige picha ukiendelea na kazi."

"Piga, mwanangu. Lakini kwanza nunua."

Nilinunua za shilingi ishirini, nikarudi kwenye kona yangu. Picha niliyoihifadhi ni ya nane. Katika zile saba za kwanza kichwa chake kilikuwa kimeukata mrija. Nilihama hatua moja kulia, pengo likafunguka kati ya kitambaa chake cha kichwani na maji, na picha ikaanza kupumua. Hatua moja tu. Pengo kati ya vitu viwili ndilo jambo la kulitazama kuliko yote ukiwa pembeni, kwa sababu vitu vinavyogusana kwenye picha vinaonekana vimeshikana.

*Mwanga na saa.* Uwanja ni mpana. Asubuhi, nikisimama magharibi na kutazama mashariki, jua linatokea nyuma ya mwarobaini na kuyapenya maji. Kivuli cha mti kiko nyuma, matone yanawaka kama cheche. Alasiri, papo hapo, jua liko mgongoni kwangu na upinde wa mvua unajitokeza ndani ya marashamarasha. Upinde huo una kanuni yake: lipe jua mgongo, nao utakuwa nyuzi 42 kutoka kilipo kivuli cha kichwa chako. Ukiwa umesimama chini, jua lazima liwe chini ya nyuzi 42 angani, na huku kwetu hiyo ni kabla ya saa tatu na nusu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Saa sita mchana usiutafute.

Nikigeuka kutazama magharibi jioni, anga la upande wa ziwa ni jeupe, na maji meupe juu ya anga jeupe hupotea. Hapo ninachuchumaa mpaka ukuta au watu waje nyuma ya mrija. Hii ni kanuni ya pande zote: maji yanaonekana kwa msaada wa giza lililo nyuma yao.

*Maji.* Kasi ya kati, 1/125 hadi 1/250. Watu wanatulia vya kutosha, maji yanabaki na mwendo. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu na kuulaza mrija. Maji yakilala kuelekea kulia, acha nafasi kubwa zaidi kulia, yapate pa kwenda. Asubuhi hewa imetulia na mrija unasimama wima.

*Nyuma na watu.* Watu ndio picha yenyewe, kwa hiyo lazima niseme hili bila kuzunguka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mtoto akicheza na maji, mtafute mzazi wake kabla hujaiweka picha popote. Na hata sheria isingekuwepo, mtu akikaa pale kupumzisha miguu si pambo la picha yako. Salimia, eleza, onyesha picha uliyopiga. Nimepata picha bora baada ya salamu kuliko kabla yake.

*Vifaa.* Lenzi ya milimita 35 au 50, au simu kama ilivyo. Tripodi inakuchelewesha na kuwafanya watu wakae kama wanapigwa ya pasipoti.

Inamfaa anayesimulia habari ya mji, mwanafunzi wa uandishi wa habari, na familia inayotaka kukumbuka siku yenyewe zaidi ya mahali. Haimfai mwenye dakika tano. Hapa unakaa, unangoja, na mara nyingi unarudi mikono mitupu.

Karibu, maji peke yake

*Njia ya jicho.* Ukiingia karibu, mji unatoweka. Kinachobaki ni umbo: mdomo wa mrija, mdundo wa tone juu ya maji, ufa wa saruji wenye ukoka. Mtazamaji hajui ni Kisumu, Nakuru au Kakamega, na hilo unalikubali tangu mwanzo. Chagua kitu kimoja. Mara nyingi nikiona picha ya karibu iliyoshindwa, ni kwa sababu mpigaji alitaka tone na uakisi na ukoka kwa pamoja.

*Mwanga na saa.* Huu ndio upigaji pekee unaoweza kufanyika saa saba mchana, wakati kwingine kote mwanga ni mkali na vivuli viko chini ya pua za watu. Jua la utosini linamulika matone kutoka juu, na ukitafuta pembe yenye kivuli nyuma, utapata meupe juu ya meusi.

*Maji.* Hapa 1/1000 ni mwanzo tu. Ile milimita 6 ya kusogea, isiyoonekana ukiwa mbali, ukiwa karibu inajaza fremu. Nenda 1/2000 au zaidi. Punguza mwangaza kidogo kuliko kamera inavyotaka, maana sehemu nyeupe ya maji ikishaungua hairudi hata ukihariri usiku kucha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Uakisi ni jambo jingine. Pampu ikiwa inafanya kazi, uso wa beseni unatetemeka na kila kitu kinavunjika vipande. Jioni moja nilimkuta mzee anayelinda bustani akifagia majani.

"Jaduong' (mzee), pampu inazimwa saa ngapi?"

"Nikimaliza huu upande, nyathina (mwanangu). Unataka nini?"

Nilimweleza. Akaniambia nijiweke tayari, akaenda kwenye kijumba cha pampu. Mrija ukashuka, ukawa kidole, ukawa povu, ukakoma. Viwimbi vilikuja mpaka ukingoni, vikagonga saruji, vikarudi vikiwa vyepesi zaidi, vikagonga tena. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka mia na kidogo. Kisha mlango wa kijani ukalala kichwa chini ndani ya maji, mzima, pamoja na balbu iliyo juu yake, na jani moja la mwarobaini likielea juu ya kizingiti. Nilipiga picha nne tu kabla mzee hajatupa maji ya ndoo yake ndani ya beseni. Usimwone mlinzi au fundi wa pampu kama kizuizi. Yeye ndiye anayejua saa za maji.

*Nyuma na watu.* Nyuma huwa ukungu wa rangi. Hakikisha tu hakuna doa jekundu la tisheti ya mtu. Mkono mmoja ukigusa maji unatosha kuwakilisha watu wote.

*Vifaa.* Lenzi ndefu, milimita 100 hadi 200, ili ukae mbali na marashamarasha. Simu yenye lenzi ya kuvuta inaweza, ila usikuze kwa vidole mpaka picha ikavunjika chenga. Filta ya kuondoa mng'ao inasaidia ukitaka kuona chini ya maji, na hufanya kazi vizuri zaidi ukiutazama uso wa maji kwa nyuzi kama 37 kutoka usawa wake; inakula mwanga nusu au zaidi. Beba kitambaa laini kikavu. Maji ya chemchemi yakikauka kwenye kioo huacha madoa meupe, na pindo la shati litayasugua hadi yakwaruze.

Inamfaa mwenye muda mfupi wa mchana, mwenye haya ya kuwapiga watu, na anayejifunza kamera yake. Haimfai mteja anayetaka mahali pajulikane.

Kuna ya nne, kutoka ghorofani, ambayo naipitia haraka kwa sababu si kila chemchemi ina jengo lenye ruhusa. Beseni linakuwa duara kamili, watu wanakuwa vivuli virefu asubuhi, na upinde wa mvua unaweza kuonekana hata jua likiwa juu kwa sababu unatazama chini. Ukifikiria droni, kanuni za 2020 zinataka isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na uwe na kibali, na uwanja wa ndege wa Kisumu hauko mbali na mji.

Kuihukumu picha ukiwa bado pale

Kosa likigunduliwa nyumbani ni la kusikitikia. Likigunduliwa ukingoni mwa beseni ni la kurekebisha. Ziba sehemu moja ya picha kwa kidole gumba: benchi, mti, mtu. Kama picha haijapungukiwa na kitu, sehemu hiyo haikuwa na kazi, sogea uitoe. Igeuze simu juu chini uitazame tena. Akili ikiacha kusoma "chemchemi" inaanza kuona uzito, na upande uliolemewa unajitaja wenyewe. Zungusha macho kwenye kingo nne za fremu, kwa sababu nusu ya tairi la bodaboda hujificha huko. Halafu jiulize maji yanafanya kazi gani. Ukishindwa kujibu kwa maneno machache, rudi ulikosimama.

Uko katika hali gani?

Kama una maharusi na nusu saa kabla ya giza, anza pembeni wakitembea kando ya ukingo, kisha wapeleke mbele katikati taa zinapowashwa. Usianze na ile rasmi. Nyuso bado ni ngumu, na anga bado ni jeupe.

Kama una simu pekee na umefika saa saba ukiwa njiani kwenda kazini, ingia karibu, tafuta kivuli nyuma ya maji, piga mfululizo, uchague moja.

Ukiwa Nakuru kati ya Septemba na Novemba, mijakaranda ikiwa imechanua, kaa pembeni na uiache zambarau iwe nyuma ya mrija. Rangi hiyo ina uzito wa kutosha kuyaonyesha maji, na maua yaliyoanguka ukingoni yanatosha kukupa picha ya karibu bila kuhama.

Kama taasisi imekuagiza picha ya ukutani, ni mbele, na ni siku mbili: ya kwanza bila kamera, kusoma nyuma na kutafuta milingoti, ya pili ukiwa na tripodi.

Kama mvua ya alasiri imetoka kunyesha na lami ya bustani imelowa, achana na beseni kwa muda. Chuchumaa chini kabisa kando ya dimbwi, kamera karibu iguse maji, uupate mrija ukiwa mara mbili, mmoja ukienda juu na mwingine ukienda chini. Dimbwi halina pampu ya kulitikisa. Fanya haraka tu, maana watu wakianza kutoka walikojikinga mvua watalikanyaga.